Nauli ya Kwenda Kumwona Akishindwa

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi mwenyekiti wa chama chetu cha wakimbiaji, sajini mstaafu, alipuliza filimbi, na wanaume tisa tukaondoka sokoni Ludara, karibu na mpaka, kuelekea Koboko. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Watu wengi walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni Kongo na Sudani, na nyumba za njiani bado zilikuwa na nyasi mpya paani. Njia tuliipima kwa baiskeli, tukiizungusha mashambani mpaka ikatimia kilomita ishirini na moja. Chama kilikuwa na pesa ya kumpeleka mtu mmoja tu kwenye mashindano ya Arua. Atakayefika wa kwanza ndiye angekwenda.

Nilitaka sana niwe mimi. Nilikuwa karani wa ghala la tumbaku, umri umepita arobaini. Shule niliiacha darasa la sita. Mengine nilijifundisha mwenyewe, hata kukimbia, kwa kitabu kisicho na jalada nilichonunua Arua. Kitabu kilisema mtu asile chakula kizito usiku wa kuamkia mbio, nami sikula. Kilisema aanze polepole, nami nikaanza polepole.

Aliyeanza kwa kasi ni fundi baiskeli, jirani yangu, mdogo kwangu kwa miaka michache tu. Huyu hakufanya mazoezi hata siku moja. Usiku ule alikula ugali wa muhogo na samaki nyumbani kwangu, akaongezewa mara mbili.

"Fundi anajua kula," mke wangu alisema. "Wewe kila jioni unauliza chakula kina uzito gani."

Fundi alikimbia akipiga soga. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu akinishinda huku anahema naweza kumvumilia, lakini yule alikuwa anawauliza wenzake habari za mbuzi wao, kisha akachoka kuwangoja, akatuacha. Kufikia katikati ya njia nilikuwa wa pili, na shati lake jekundu nililiona kwenye kona tu.

Zilipobaki kama kilomita tano, niliona wanawake mbele yangu wanakimbia upande uleule tunaokwenda sisi. Kwanza nilidhani wanatushangilia. Halafu nikaona magodoro vichwani, na mtu anamvuta mbuzi.

Watu wa upande ule tulikuwa na elimu moja isiyohitaji kitabu. Ukiona wanaume wanakuja mbio kutoka mpakani, huulizi kitu. Unabeba unachoweza, unakimbia, kuuliza ni baadaye. Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipotufikia, wote tisa tulikimbia hivyo, tukiwashika mkono mama zetu. Lakini katika kupanga mbio zile, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kupeleka habari kwenye nyumba za njiani.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza. Mbele yake alikuwepo mama mmoja mzee, sufuria kichwani, kuku kwapani.

"Mama, hapana kimbia! Vita hapana iko."

"Kama vita hapana iko, nyinyi nakimbia nini?"

"Michezo tu, mama. Tunashindana."

"Watu wakubwa hivi? Na nani iko nyuma yenu?"

"Karani tu," fundi alisema, akinionyesha kidole. "Na ule hapana weza kufukuza mutu. Angalia vile anakimbia."

Wanawake walicheka mpaka magodoro yakatikisika. Mimi niliwapita. Barabara ilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hapakuwa na shati jekundu mbele yangu. Lakini kwenye nyumba iliyofuata mwanamume alitoka, akaniona, akamtupa mtoto begani na kuanza kukimbia.

"Karani! Tembea, ndugu yangu!" fundi alipiga kelele nyuma. "Unatawanya watu!"

Nikatembea. Wenzangu walinifikia, nao wakatembea, tukisalimia nyumba kwa nyumba na kueleza. Fundi aliichukua ile sufuria akamrudisha mama kwake. Mwenyekiti, aliyetufuata kwa baiskeli, alitusimamisha pale nyumba zilipokwisha.

"Hapa tunamngoja fundi," alisema. "Akifika, tunaanza upya. Wote mstari moja."

Moyoni nilimshukuru yule mama, sufuria yake na kuku wake. Kilomita nne zilibaki, na fundi alikuwa amepoteza nafasi yote aliyoipata. Alikuja bila haraka, anatafuna simsim, ufuta wa kukaanga. Mama alimpa kiganja kizima. Alinigawia kidogo, nikakataa, kwa sababu kitabu kilikataza.

Filimbi ililia. Nilikimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na hilo nitalisema mpaka kesho. Nilipofika sokoni Koboko wa pili, fundi alikuwa ameshachuchumaa kivulini, anamrekebishia mtu mnyororo wa baiskeli.

Mji mzima ulizungumzia sufuria, mbio haukuzitaja. Mke wangu aliisikia hadithi hiyo mara tatu, akaomba ya nne.

Siku ya mashindano ya Arua nilimwambia nakwenda kununua chumvi. Ukweli ni kwamba watu wa Arua walisifiwa kwa mbio, na nilitaka kumwona fundi akiwa nyuma ya mtu, walau mara moja. Nilijificha ukingoni mwa uwanja, kati ya wauza miwa. Aliingia wa kwanza, peke yake, na kabla hata ya kuhema akaniona.

"Karani!" Alinikumbatia, jasho lake likanilowesha shati. Akawageukia watu. "Ona ndugu yangu! Chama hapana lipa yeye. Amelipa nauli yake mwenyewe, kuja kuniona!"

Watu walinipigia makofi.

Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na chumvi ambayo hata Koboko ilikuwepo, ilinigharimu shilingi elfu tano mia tatu.