Katuni za Joho la Kijani

Fundi wa kujalidi vitabu alikuwa na dada mkubwa ambaye macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari alisema zimebaki wiki chache apofuke kabisa. Dada hakutaka kitu ila katuni zao za utotoni, zile za shujaa wa joho la kijani aliyewaangushia majambazi godoro na kuwakamata bila mtu kufa.

"Zilete hivyohivyo," alisema.

"Zimechakaa, dada. Nizijalidi kwanza."

"Mbona unanifanya mteja? Mimi nataka kucheka, sipambi kabati."

Lakini mikono ya fundi haikuzoea kutoa kazi mbovu. Aliunga kila ukurasa, akashona, akabana, akangoja gundi ikauke. Wiki tatu zikapita.

Alipopeleka kitabu, dada alikipapasa. "Kazi safi. Haya, nisomee, mimi sioni tena."

Fundi akafungua. Picha sita, neno moja tu: "Lo!"

"Joho limenaswa mlangoni," akaeleza.

"Halafu?"

"Analivuta."

Dada akasubiri. Fundi aliikazia macho sura ya shujaa, mashavu yamemvimba na kofia imemwangukia puani, akatafuta maneno ya kumchekesha dada yake, akayakosa.