Njia ya Maua Niliyoifagia

Ikama yangu, kibali cha kukaa Saudia, ilikuwa imebakisha siku tisa tu iishe, na kafili wangu, mdhamini wa kunipatia nyingine, hakuwa mtu wa kukumbushwa mara mbili. Ndiyo maana madam aliponiambia, mimi namenya vitunguu na machozi yananitoka, kwamba Jumatano saa sita mchana mwanawe aliyekufa atakuja nyumbani, sikumbembeleza. Nilimwambia jua la Jidda limempanda kichwani.

"Haji kutisha watu," akasema. "Anakuja kula."

Madam alikuwa Mmeksiko. Si Mmeksiko wa mjini, bali wa milima ya kusini, kwa Wazapoteki, watu waliokuwa na lugha yao na desturi za wafu wao kabla Wahispania hawajatia mguu. Mumewe alikuwa mhandisi bandarini, miaka ile ambayo mafuta yalimwaga fedha hadi meli za saruji zikawa zinapanga foleni baharini, na mara nyingi alilala huko huko kazini. Mimi nilikuwa mpishi wao katika nyumba moja ya Al-Hamra. Tulizungumza Kiarabu cha jikoni, chake kibovu, changu cha Kiunguja, na tulielewana kuliko watu wengi wanaosema lugha moja.

Binti yake alikufa kwa homa akiwa na miaka sita, miezi michache kabla hawajahamia Jidda. Kwao, alinieleza, wafu hurudi mara moja kwa mwaka kuwaona watu wao, na watoto huwatangulia wakubwa. Hufika adhuhuri, wakaondoka adhuhuri ya kesho yake. Hutandikiwa meza yenye maji, chumvi, mkate mtamu, chokoleti ya moto katika vikombe vidogo, na chakula kisicho na pilipili kwa kuwa ni watoto. Na kutoka barabarani hadi mezani humwagwa petali za maua, ili roho ione pa kupita.

"Na asipoiona njia?" nikamuuliza, nikimtania.

Hakucheka. "Atapita. Atafuatana na watoto wengine kwenye nyumba za watu. Huu ni mwaka wake wa kwanza kuja, na hii nyumba haijui."

Nilikasirika, sitaficha. Sisi marehemu wetu hatumwiti. Tunamsomea hitima, tunapika, tunalisha watu, tunamwombea, basi. Kumwita mfu aje kula, kwangu mimi, ilikuwa shirki isiyo na mjadala, na nilimwambia hivyo hivyo.

Lakini chini ya hasira kulikuwa na wivu. Mume wangu alifia Riyadh. Tulikuwa tukikaa Al-Murabba, chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, naye alikuwa karani katika ofisi ng'ambo ya barabara. Asubuhi alianguka kazini, alasiri akazikwa. Wanawake hatukwenda makaburini, na makaburi ya kule hayaandikwi jina, ni jiwe kati ya mawe. Nilipomaliza eda nikaja Jidda kutafuta kazi. Kila nilipopata ruhusa ya kafili nilirudi Riyadh kwa kaka yangu, naye alinipitisha kwa gari kando ya ukuta wa makaburi. Nilisoma Yasini kutoka kona hii hadi kona ile, na haikupata kwisha hata mara moja, maana kaka yangu hana subira na gari. Bila ikama, hata ukuta ule nisingeuona tena. Madam aliyajua yote haya, kwa kuwa nilimwambia siku moja tukichambua mchele.

Kafili ndiye aliyekuwa mwenye nyumba pia. Siku waliyohamia aliniita pembeni. "Hawa siwajui mambo yao," akasema. "Wewe ni Mwislamu. Nikikuta sanamu au mishumaa ya ibada humu ndani, nitakuuliza wewe, na kazi halas, imekwisha." Nikamwitikia, "Ndiyo, baba," kwa adabu zote. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Hata hivyo nilimsaidia madam. Nafikiri yalikuwa ni yale maua. Miezi mitatu nilimwona akimwagilia makopo ya maziwa nyuma ya nyumba, nikadhani anaotesha mboga, nikawa nasubiri nipike. Kumbe ni mbegu alizozileta kutoka kwao ndani ya soksi. Yakatoka maua ya rangi ya chungwa, mazito, yenye harufu kali isiyotoka mkononi hata kwa sabuni. Kwao huchoma utomvu wa mti wao, na Jidda hakuupata, kwa hiyo nikampa ubani wangu na chetezo changu. Nilijiambia kwamba ubani ni ubani, hauna dini.

Jumatano asubuhi tukatandika meza sebuleni. Kitambaa cheupe, mishumaa miwili, picha ya mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, na mkate niliouoka mwenyewe kwa iliki. Kisha madam akaanza kumwaga petali. Alianzia nje ya geti, akaja nazo uani, akapanda ngazi tatu za baraza, akaingia hadi mguuni mwa meza. Aliinama njia nzima, mkono mmoja kiunoni, na nilipotaka kumsaidia alinikatalia kwa kichwa. Saa tano na nusu akapanda juu kuoga. Alisema hawezi kumpokea mwanawe ananuka jasho.

Simu ikalia. Alikuwa kafili.

"Niko njiani," akasema. "Toa pasi yako. Nataka tumalize hii ikama leo. Yalla."

Nilibaki na mkono wa simu sikioni. Ningeweza kupanda juu nimwambie madam. Ngazi zilikuwa kumi na nne tu. Sikupanda, kwa sababu nilijua atakataa, na akikataa itanibidi nichague mbele ya macho yake. Nikazima mishumaa. Nikafunga mlango wa sebule kwa ufunguo. Nikachukua ufagio.

Nilifagia haraka kama mwizi, baraza, ngazi, ua, mpaka nje ya geti. Zile petali ni nyepesi, ukizifukuza zinakurudia miguuni. Nikazikusanya zote, nikazitupa katika pipa la taka, juu ya maganda ya vitunguu na matumbo ya samaki. Nilikuwa bado naosha mikono gari liliposimama.

Kafili hakuingia ndani. Alikaa barazani, akanusa.

"Ubani?"

"Wangu, baba. Nafukiza nguo."

Akaichukua pasi pamoja na ikama, akaifungua pasi ukurasa mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimeiona petali moja kwenye ngazi, karibu na kiatu chake, na sikuweza kuacha kuiangalia. Maji ya bafuni juu yalikuwa yakimwagika. Nikaomba yaendelee kumwagika. Akauliza mshahara wangu, akauliza mara ya mwisho nilikwenda lini Riyadh, nikajibu, sijui nilijibu nini. Adhana ikaadhiniwa msikiti wa mbele. Akatia pasi na ikama yangu mfukoni mwa kanzu, akasema atarudi baada ya sala anipe karatasi ya kutia saini. Alipotoka nilikaa chini pale pale barazani.

Madam akashuka. Alikuwa amevaa gauni jeupe la kwao lililotariziwa kifuani, nywele zinachuruzika maji, miguu mitupu. Akatazama sakafu.

"Njia iko wapi?"

"Nimeifagia, madam. Kafili amekuja. Ikama yangu anayo yeye."

Nilingoja anipige kofi. Ningelipokea. Yeye akainua macho kwenye saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imepita saa sita kwa dakika kumi na tano, kisha akakimbia uani kama alivyo, akafungua geti wazi, akasimama mlangoni na kuita jina la mwanawe barabarani.

Mtaa wa Al-Hamra, mchana kweupe, mwanamke kichwa wazi anapiga kelele na waume wa mtaa mzima wako msikitini mbele yake! Nikamfuata mbio, nikamshika mkono nimvute ndani.

"Madam, wanatoka sasa hivi. Watatufukuza sote."

Akanigeukia. "Wako yuko nyuma ya ukuta na wewe hukuufanya ule ukuta," akasema. "Wangu umemfungia wewe."

Nilimwachia mkono. Aliita tena, na sauti ilikuwa imeanza kukatika, haifiki hata nyumba ya pili. Ndipo mimi, niliyekuwa nikimhubiria shirki wiki nzima, nikasimama kando yake, nikajaza kifua na kuliita lile jina. Nina sauti ya mwanamke aliyelelewa kwenye nyumba ya watoto tisa. Nililiita hadi mwisho wa barabara.

Waume walikuwa wanatoka msikitini. Wengine walisimama. Kafili akavuka barabara upesi, uso umemwiva, akaja kusimama katikati ya geti mbele yetu.

"Mnamwita nani?"

"Mtoto, baba."

"Mafi, hakuna mtoto nyumba hii."

"Yupo. Amekufa. Kwao leo ndiyo siku anayorudi, saa hii hii, na alikuwa ametandikiwa maua hapo ulipokanyaga. Nimeyafagia mimi kwa kukuogopa wewe."

Nilisikia maneno yakinitoka na nikajua ndiyo nimejimaliza. Kafili akamtazama madam, nywele, gauni, miguu mitupu juu ya saruji ya moto. Madam hakumtazama. Alikuwa akijaribu kuona barabara kwa juu ya bega lake.

"Ana miaka mingapi?" akaniuliza.

"Sita."

Akaangalia pale aliposimama, katikati ya mlango, akakusanya kanzu yake kwa mkono mmoja, akasogea pembeni mpaka mgongo ukagusa ukuta. Geti likawa tupu.

Tukakaa hivyo, sote watatu. Baadaye akatoa pasi na ikama mfukoni, akaniwekea mkononi.

"Hii ikama mimi siifanyi," akasema taratibu, bila ukali. "Una siku tisa. Tafuta kafili mwingine."

Nikazipokea bila kuzitazama, na nikaita tena.