Kicheko cha Skola

Nilipokuwa mtoto kule Kibaoni, hakuna sauti niliyoiogopa kama kicheko cha mdogo wangu Skola. Kilimjia bila mzaha wowote. Anafagia uwanja, mara anacheka, uso hauna furaha hata chembe, kisha anaanguka na kutetemeka.

Bibi, mama yake baba, alisema ni mizimu inamtekenya. "Nyie watoto, akianguka msimguse, mate yake yatawaingia. Na hicho kicheko msikitaje kwa mtu yeyote. Mkikitaja, watamchukua moja kwa moja." Nami nilikuwa mtiifu, Mungu anisamehe.

Siku moja tukiwa jarubani tunapandikiza mpunga, Skola akaanza kucheka. Watu wote wakainuka, miche mikononi. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nikarudi nyuma mpaka kwenye tuta. Akaanguka kifudifudi majini, nami nikasimama nikiangalia mapovu. Mama ndiye aliyekuja mbio akikanyaga mpunga, akamgeuza. Alikuwa hai. Tangu siku hiyo Bibi alimtengea Mama naye kikombe chake, kama alivyokwisha kumtengea Skola.

Zahanati tulisema anaanguka tu. Skola akameza vidonge vya kifafa miaka na miaka, na bado alianguka. Nilipopata kazi Mpanda nilimchukua tukaishi Kawajense, na hatimaye tukapewa rufaa kwa daktari bingwa wa ubongo, mbali sana na kwetu. Akauliza, "Kabla hajaanguka, huanza na nini?"

Bibi alikuwa ameshafariki, lakini niliogopa vilevile. Nikatazama sakafu. "Anacheka, dokta. Anacheka bila sababu."

Akaacha kuandika. "Mbona hamkusema siku zote hizi?"

Kipimo cha picha kilionyesha uvimbe mdogo, wa nadra, katikati kabisa ya ubongo. Alizaliwa nao, wala hauambukizi. Walimfanyia upasuaji, na kile kicheko hakijarudi.

Juzi tukichambua mchele nilijikaza nikamweleza Skola habari ya zile hatua tatu, nikidhani hazijui. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Najua, dada. Nikianguka ndiyo nilikuwa sijui kitu. Ila nikiwa nacheka nilikuwa nawaona wote. Nilikuona ukirudi nyuma."

Uvimbe madaktari wameutoa. Hilo aliloliona hawana namna ya kulitoa, na aliyelitia ni mimi.