Darasa Jirani na Mashine

Mwalimu wa darasa la tatu alipoolewa katika nyumba inayopakana na shule, watu walimwambia ana bahati: kazini ni hatua mia mbili. Hawakufikiria kwamba madirisha ya darasa lake yalitazamana na mashine ya kusaga ya mama mkwe wake.

Ilipowashwa saa tatu asubuhi, ukuta ulitetemeka. Akifunga madirisha, watoto sitini na mmoja walichemka chini ya bati, na kufika saa tano nusu yao wamelalia madaftari. Akifungua, sauti yake haikuvuka dawati la pili. Siku moja alisoma imla, "Baba analima." Watoto kumi na watatu wakaandika, "Baba analia."

"Ongea naye wewe," mwalimu mkuu alimwambia. "Huo mfupa umenishinda."

Jioni, wakichambua mchele, alijikaza. "Mama, mashine haiwezi kuanza watoto wakishatoka?"

Mama mkwe hakuinua macho. "Mashine ilikuwapo kabla ya darasa lenu, mwanangu. Ninyi ndio mliokuja kuipigia hodi. Na kelele hiyo ndiyo iliyomsomesha mumeo."

Mumewe akakumbuka ghafla kwamba kuku hawajafungiwa.

Mwalimu akamwita fundi mwashi, aweke matofali ya matundu ukuta wa pili, upande ulio kimya, ili yale madirisha yafungwe moja kwa moja.

"Upepo ni mgeni, mwalimu," fundi alisema. "Ukimwonyesha pa kuingilia, mwonyeshe na pa kutokea."

Ikabidi aache uwazi juu ya madirisha, na nje yake fundi akatundika mbao za mshazari kuikata sauti. Joto likapungua. Kelele nayo ikapungua, lakini ya mashine si ya kuisha kwa mbao.

Akaomba uhamisho. Jibu lilikuja la mstari mmoja: anaishi karibu na kituo chake, hana sababu ya kuhama.

"Nasikia unatukimbia," mama mkwe akamwambia.

"Hapana, mama."

Siku hizi, mashine ikinguruma anaandika hesabu ubaoni. Ikizimwa anakimbilia kusoma, akipaza sauti kabla haijawashwa tena. Jioni hurudi koo limekauka, na akisemeshwa hujibu kwa kichwa.

"Umetulia sana mke wangu," mumewe humsifu. "Hata mama ameliona hilo."

Naye huitikia kwa kichwa.