Kamba za Kinue

Bondeni kwetu palikuwa na matanuru thelathini na moja ya mkaa. Limebaki la Kinue, mjane wa miaka sabini na minane, jirani yangu tangu utoto.

Mkaa wa mwaloni hutaka subira. Unakata shina nene, unaacha jembamba, kisiki kinachipua, na baada ya miaka kumi na mitano unarudi palepale. Baba yake alikata hivyo, na babu yake.

Mlima wenyewe ni wa Yasuhiro, mtoto wa kaka yake, anayeishi Osaka. Mwaka huu aliwauzia miti watu wa kituo cha umeme kilichojengwa pwani, kinachokula kuni zilizosagwa bila kushiba. Gazeti linasema kuni zitazidi kuchomwa nchini mwaka hadi mwaka, na linayaita hayo maendeleo. Tulipozichoma sisi, tuliitwa washamba.

Kinue alimpigia simu. "Mwanangu, niachie mashina membamba ya mteremko wa nyuma ya tanuru. Nikiyakosa hayo, nazima moto."

"Shangazi, bado unapanda milima? Haya, weka alama kwa kamba. Nitawaambia wafuate kamba zako."

Siku tatu tulipanda, magoti yakituuma, tukifunga kamba za majani ya mpunga kwenye mashina membamba. Kwa wachoma mkaa, kamba ni ya kuokoa: penye kamba, shoka halifiki. Nilifunga nyingine kwa mikono yangu, wala sikuwaza zaidi.

Jumatatu asubuhi wakataji wa kituo waliingia na mashine. Kwao mti wenye alama ndio wa kukatwa. Tulipowapelekea chai, membamba yote yalikuwa yamelala chini. Manene yamesimama.

"Bibi, tumefuata kamba zako," alisema msimamizi, kijana mwenye adabu. "Hatujaruka hata moja."

Kinue aliutazama mteremko. "Naona. Mmefanya kazi safi."

Nilitaka kusema, akanishika mkono. Akawamiminia chai.

"Manene yatajaza tanuru mara mbili," aliniambia walipoondoka. "Baadaye tungoje visiki."

"Miaka kumi na mitano."

"Nitakuwa na tisini na mitatu. Wewe utanibebea shoka."

"Mimi nitakuwa udongo."

"Uvivu wako tu huo."

Kisha akainama, akaanza kuzifungua kamba kwenye magogo, moja moja. Nikamuuliza za nini tena.

"Za kuwashia," alisema. "Mara mbili, nimekwambia."

Nikainama nami.