‘Nilikuuliza vibaya’: Mama Jana na milango anayoigonga upya

Saa mbili na robo asubuhi, fundi cherehani anasukuma mabaki ya vitambaa pembeni ili mgeni wake apate pa kukaa. Mgeni anavua viatu mlangoni, anaketi kwenye kigoda na kufungua begi. Anatoa fomu, kalamu mbili na pakiti tupu zilizofungwa kwa mpira: za biskuti, za supu ya unga, za juisi, za sosi. Nyuma yake, muuguzi kijana anashusha kisanduku cha barafu sakafuni na kusubiri zamu yake.

“Jana,” anaanza mgeni, “tangu ulipofungua macho mpaka ulipolala, ni nini kilipita mdomoni mwako? Hata kama ulionja tu.”

Fundi anasema jana alikula mara moja, mchana, wali na maharage. Mgeni hamkatizi. Anaandika hivyo hivyo, kisha anazipanga zile pakiti juu ya meza ya cherehani, moja moja, naye fundi anaanza kuziokota. Hii ndiyo, asubuhi na chai. Hii pia, mteja alimletea. Ile ya juisi alimnunulia mjukuu, ila mjukuu hakuimaliza na yeye hapendi kutupa vitu. Mpaka anafika mwisho, fomu ina mistari tisa.

“Kumbe jana nilikuwa na karamu,” anasema fundi, akizitazama pakiti kama za mtu mwingine. Kisha anakunja shati na kumpa muuguzi mkono.

Mtaani wanamwita Mama Jana, kwa sababu huu ni mwaka wa pili anagonga milango akiuliza habari za jana. Watoto wakimwona kwa mbali wanakimbia kutoa taarifa nyumbani, na wapo watu wazima ambao wakisikia jina lake wanakumbuka ghafla kwamba wana safari. Ana umri wa miaka 46. Kazi yake ni udodosaji katika utafiti wa magonjwa sugu, hasa sukari na figo, na kwa siku hufika nyumba sita au saba kwa miguu, goti moja likiwa limefungwa bandeji.

Leo ana haraka. Zimebaki siku tisa na fomu kumi na sita, na zisipopatikana, kazi ya watu wengi itakwenda na maji.

Ili kuelewa haraka hiyo, mwandishi wa makala haya alipelekwa kwanza maabara, chumba chembamba chenye majokofu matatu na dirisha moja. Mtafiti mkuu, ambaye wote humwita Daktari tu, anaeleza polepole, kama mtu aliyezoea kutoeleweka mara ya kwanza. Ndani ya kila seli ya mwili kuna vimeng’enya, vitu vidogo mno vinavyofanya kazi za kila siku: kuvunja hiki, kujenga kile, kuondoa taka. Katika damu za wagonjwa waliowapima mwanzoni, kimoja cha kuondoa taka kilionekana kulegea. Daktari na wenzake wakajiuliza kama vitu vinavyotiwa kwenye vyakula vya viwandani ili visioze, vinukie au vipendeze macho vina mkono wao katika kulegea huko.

Daktari anainua mirija miwili kuelekea dirishani. Mmoja una njano iliyokolea, mwingine njano iliyopauka. Iliyokolea ni ya kimeng’enya kinachofanya kazi, iliyopauka ni ya kilichochoka. Mashine ndiyo inayotoa namba, anasema, lakini hata kwa macho mtu anaona.

Mwaka jana wadodosaji wanne walipita kwa watu 640. Kila mtu alijaziwa fomu ya chakula cha jana na kutoa damu. Mirija ikaonyesha kila aina ya njano. Fomu, kwa upande wake, zilifanana kama ndugu wa tumbo moja: wali, mboga, maharage, chai. Vya viwandani, karibu hakuna.

“Nilishaanza kuandika kwamba hatukuona uhusiano wowote,” anasema Daktari. “Ingechapishwa, na viongozi wangeisoma wakaamini.”

Aliyezuia hilo ni Mama Jana, na alilizuia bila kukusudia, Jumapili moja mchana, alipokwenda kumjulia hali mdogo wake.

Mdogo wake ni mkata tiketi kwenye kituo cha mabasi. Aliambiwa ana sukari miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo anajitunza kweli kweli. Jumapili ile alikuwa amelala kwenye kochi, mnyonge. Mama Jana akamuuliza kama dada yeyote anavyomuuliza mdogo wake: umekula? Akajibiwa kwamba hajala tangu asubuhi.

Mezani kulikuwa na chupa mbili za soda isiyo na sukari, pakiti ya biskuti zilizoandikwa kwamba ni salama kwa wenye sukari, na bakuli lililokauka supu ya pakiti pembeni.

“Nikamwambia, na hivi je?” anakumbuka Mama Jana. “Akanishangaa. Akasema, ‘Hivi si chakula, dada. Hivi ni vya kudanganyia tumbo.’”

Anasema alikaa chini kwenye kiti cha mlangoni. Nyumba zote zile alizopita, swali lilikuwa moja, limepigwa chapa juu ya fomu: jana ulikula nini? Na watu walimjibu ukweli mtupu. Walimtajia chakula. Soda hailiwi, inanywewa. Biskuti ni ya kuzugia. Sosi ni kionjo, pipi ni ya mtoto, na supu ya pakiti ni ya mtu asiyekula. Nani angeitaja alipoulizwa alikula nini?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye, kabla ya udodosaji, alikaa miaka kumi na minne nyuma ya kaunta ya duka. Vitu hivyo alikuwa akiviuza kwa mikono yake, katoni kwa katoni, kwa majirani wale wale ambao fomu zao zilisema hawavigusi. “Nilikuwa naona,” anasema. “Naandika ‘hakuna’ huku naona. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.”

Jumatatu alipiga moyo konde akaingia ofisini kwa Daktari. Mkataba wake ulikuwa umebaki miezi mitatu na alijua fika kwamba anakwenda kusema fomu zake mwenyewe hazifai. Alisema hivyo hivyo, akiwa amesimama. Daktari alitoa rundo la fomu, akasoma kumi za juu, kisha akasema swali lile lilitafsiriwa mezani kwake, na waliolijaribu kwanza walikuwa wafanyakazi wa maabara, watu waliokwishajua linatafuta nini. Kosa, kwa hiyo, lilikuwa lake kabla ya kuwa la mtu mwingine.

Wenzake watatu hawakulipokea hivyo. Mmoja alimwambia ana kwa ana kwamba amewamwagia unga wote, na kwa wiki mbili hakuna aliyemsubiri wakati wa chai. Mama Jana hawalaumu. Mtu aliyetembea mwaka mzima, anasema, hafurahi kuambiwa arudi alikotoka.

Na kurudi kwenyewe hakukuwa kwa fomu peke yake. Jana ya mwaka jana haiulizwi tena, imeshasahaulika. Ilibidi ichukuliwe jana mpya, na jana mpya ikitaka damu mpya. Dawa ya kupimia kile kimeng’enya iliyoko jokofuni inaisha muda wake mwisho wa mwezi huu, na nyingine hakuna fungu la kuiagiza. Wapatikane watu 500, utafiti unapona. Wapungue, zinabaki zile fomu za kwanza, na nazo zimekwishapigwa muhuri wa kutotumika.

Fundi cherehani alikuwa wa 484.

Saa tano, Mama Jana anasimama mbele ya mlango wa bluu wa dereva mstaafu. Mwezi huu amekuja hapa mara mbili, na mara zote mbili alitoka kapa. Mzee anafungua nusu, anaitikia shikamoo kwa shingo upande, na haondoki mlangoni.

“Mlichukua damu yangu mwaka jana, mkaondoka,” anasema. “Sijasikia hata salamu. Leo mnataka nyingine. Ile ilifanya nini?”

Mama Jana anaweka begi chini.

“Damu yako haikuwa na kosa, mzee wangu. Kosa lilikuwa kwenye swali. Nilikuuliza vibaya. Nimekuja kukuomba radhi kwanza, halafu, ukikubali, nikuulize vizuri.”

Mzee anaegemea mlango. Anasema ameendesha magari ya ofisi miaka thelathini, amewabeba wakubwa wa kila namna, na hajapata kumsikia mmoja wao akisema amekosea. Kisha anaufungua mlango wote. Jana yake ina mistari kumi na miwili, minne kati yake ni pipi za kikohozi, ingawa hakohoi. Ni wa 485.

Njiani, Mama Jana anamgeukia mwandishi na kumuuliza yeye je, jana. Mwandishi anajibu kwa kujiamini kwamba alikula mara mbili, chakula cha nyumbani, safi kabisa. Hatua mia moja baadaye, baada ya kuulizwa kuhusu kahawa ya ofisini, unga mweupe uliotiwa kwenye kahawa hiyo, mkate, cha kupaka kwenye mkate na kile alichotafuna akisubiri usafiri, alikuwa na mistari kumi na moja na hamu ndogo ya kuendelea na mazungumzo. Kwa mume wa Mama Jana, ambaye ni fundi bomba, mambo ni mabaya zaidi. Siku hizi akiulizwa kama amekula, anaanza na dawa ya meno.

Mama Jana anacheka anaposimulia hilo, lakini kicheko hakidumu. Tangu Jumapili ile, mdogo wake ana swali ambalo humuuliza kila wanapoonana. Soda zile na biskuti zile alizinunua kwa bei ya juu kuliko za kawaida, kwa sababu zimeandikwa kwamba ni za watu kama yeye. Je, anavyokula ili apate nafuu ndivyo vinavyomuumiza?

“Namwambia sijui,” anasema Mama Jana. “Si kwamba namficha. Hatujui. Anataka nimwambie ndiyo ili aache, au hapana ili atulie, na mimi sina lolote kati ya hayo. Unajua inavyouma kumwambia hivyo mtu uliyembeba mgongoni?”

Daktari anasema majibu, yakipatikana, yatachukua miezi minane kuchambuliwa. Mkataba wa Mama Jana utakuwa umekwisha. Ameshaomba kwa barua, hata bila posho, apewe orodha ya waliokubali kurudia, apite mlango kwa mlango mara ya tatu. Safari hiyo hatakuwa na fomu. Atakuwa na majibu, kwa maneno ambayo fundi cherehani na dereva mstaafu watayaelewa. Daktari ametia saini.

Ameshaamua ataanzia wapi. Ataanza na mdogo wake, kabla hajapita kwa mtu mwingine yeyote.

“Inaweza kutoka hapana,” anasema, akikaza bandeji ya goti kabla ya nyumba inayofuata. “Tukaambiwa vitu vile havina neno, tulihangaika bure. Sawa. Nitampelekea hiyo hapana. Ila mwaka jana nilikaribia kumpelekea hapana ya uongo, na angeniamini, kwa sababu mimi ni dada yake.”