Neno Moja la Ami Bonifaci

Gerard alipotuambia ameuza nyumba, nilikuwa nimeinamia beseni nakoroga damu ya nguruwe kwa mkono, na kwa mara ya kwanza maishani nikaacha kukoroga. Mwanamke wa bonde letu haachi kukoroga damu hata paa likiwaka moto, maana ikiganda hakuna tena soseji nyeusi za kula majira ya baridi. Ile iliganda. Hakuna aliyenigombeza, kwa sababu hakuna aliyeiona.

Tulikuwa uani mwa Casa Sastrada, nyumba ya kina Gerard inayopakana na yetu, majirani tumekusanyika kuchinja kama kila Disemba. Aliyelichokoza jambo bila kujua ni Ami Bonifaci. Alikuwa ami yake Gerard, mdogo wa marehemu baba yake, lakini kijiji kizima kilimwita Ami, hata vikongwe waliomzidi umri. Alikuwa ameshika miguu ya nguruwe, akauliza tu, kama alivyouliza kila mwaka:

"Yule mtoto wa nguruwe wa mwakani, tumnunue wapi?"

"Mwakani hakuna nguruwe, ami," Gerard akasema. "Nyumba nimeiuza."

Quirze mchinjaji akasimama na kisu mkononi. "Umeuza nini?"

"Nyumba. Na malisho, na ghala la majani. Kanunua daktari wa meno wa Barcelona."

"Daktari wa meno atafuga nini huku?"

Quirze akajijibu mwenyewe, "Atafuga meno," lakini hakucheka, wala sisi hatukucheka. Ami aliendelea kushika miguu ya mnyama aliyekwisha kufa.

Sijui nikwambieje ukubwa wa lile neno. Kwetu mtu anauza ndama, anauza msitu wa ng'ambo ya mto, akibanwa sana anauza hata shamba. Nyumba haiuzwi. Watu ni mali ya nyumba, si nyumba mali ya watu. Hata jina unaloitwa kijijini ni la nyumba yako, la ukoo ni la serikali na jeshi. Ndiyo maana kila kitu hupewa mtoto wa kwanza, mrithi, ili milima yetu hii yenye udongo haba unaogombaniwa na mawe isije ikakatwa vipande kama jibini. Waliobaki hujijua. Wengine huenda Ufaransa, wengine Barcelona, wenye bahati huoa binti mrithi wa nyumba nyingine. Na asiyeondoka hubaki kuitumikia nyumba ya kaka yake, bila mshahara, bila mke, mpaka kaburini.

Bonifaci alibaki. Alikuwa wa tatu kuzaliwa, na mikono yake ilikuwa miwili kama ya kila mtu lakini ilifanya kazi ya minne. Enzi za nyumbu, wale wana wa punda na farasi, ndiye aliyevuka milima kwenda Ufaransa kuleta wachanga, akawalea miaka, akawashusha kwenye mnada wa Salàs, akasimama nao juani huku kaka yake Climent, mrithi na baba yake Gerard, akipatana bei na kupokea pesa. Walipokuja watu wa mabwawa ya umeme, walimtaka awe msimamizi wao kwa mshahara wa kila mwezi. Climent akasema nyumbu hawajilishi wenyewe. Akabaki. Trekta zikaja zikaua biashara ya nyumbu, basi wakaingia kwenye maziwa, na ni yeye aliyeamka kukamua. Kisha gari la maziwa nalo likaacha kupanda mpaka kwetu. Wakaanza kuja watu wa kuteleza kwenye theluji, ambao hawahitaji maziwa yetu. Wanahitaji kuta zetu za mawe na dirisha la kutazamia mlima.

Na palikuwa na Remei. Huyu alikuwa mrithi wa Casa Molina, hana kaka, na alimtaka Bonifaci waziwazi mpaka baba yake mwenyewe akaja kumwomba. Fikiria, mtoto wa tatu kuombwa! Bonifaci alikwisha vaa shati jeupe aende kutoa jibu. Ilikuwa wakati wa kukata majani, na Climent alikuwa amevunjika mguu. Alisema tu kutoka kitandani, "Nyumba inakuhitaji." Bonifaci akavua shati, akachukua fyekeo. Remei akaolewa na mtu wa mji wa Sort. Mimi nilikuwa msichana mdogo, na nililia kuliko Remei.

Sasa mtoto wa huyo huyo Climent anauza, na kumbe amekwisha kumtafutia ami yake kitanda kwenye nyumba ya wazee huko mjini Tremp. Nilikasirika hadi usingizi ukanikimbia.

Lakini palikuwa na kikwazo kimoja, nacho kila mtu wa rika langu alikijua. Climent alipooa, baba yao aliandikisha kwa mwanasheria kwamba Bonifaci, maadamu hajaoa na anaifanyia nyumba kazi, atakaa humo na kulishwa humo, mzima au mgonjwa, mpaka afe. Haki hiyo hakuna wa kuiondoa ila yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Akikataa, daktari wa meno hawezi kupewa funguo.

Nilimfuata zizini, nikamkuta anafagia pasipo na ng'ombe.

"Ami, unajua wewe ndiye umeshika mpini?"

"Nimeshika fagio, Engràcia."

"Acha mzaha. Wakikuuliza, sema hapana. Basi. Gerard atapiga kelele, atanuna, atarudi mjini kwake, nawe utabaki na moto wako na benchi lako."

"Gerard ana shida zake."

"Nani hana? Ami, amekuuza pamoja na mabakuli!"

Alifagia kidogo, akasema supu yangu ya kabichi siku hizi ina chumvi nyingi. Nikaondoka nimekunja uso, lakini moyoni nilitulia. Nilidhani mtu hawezi kukata tawi alilolikalia.

Siku ya kwenda Tremp kutia saini kwa mwanasheria nilipanda gari la Gerard bila kualikwa, na hakuthubutu kunishusha. Daktari wa meno na mkewe walikuwa wamefika, watu wapole, wameleta keki. Mwanasheria alisoma kwa sauti kubwa, mipaka, malisho, chemchemi, ghala. Alipofika pale palipongojwa na kijiji kizima, akavua miwani.

"Bwana Bonifaci, wewe una haki ya kuishi kwenye nyumba hii mpaka mwisho wa maisha yako. Unakubali kuiacha?"

Ami alikuwa ameshika kofia mapajani. "Mrithi ameshasema."

"Nakuuliza wewe, si yeye."

Gerard alitazama viatu vyake. Mke wa daktari akamnong'oneza mumewe kitu, nikaona uso wa yule mume unapauka. Nadhani ndipo alipoelewa wamenunua nini. Mimi niliuma kitambaa changu nisije nikamjibia.

"Nakubali," akasema Ami.

Nilimshika mkono nikamtoa nje hadi kwenye ngazi, nikamwambia yote, kwamba ana wazimu, kwamba ni bwege, kwamba nyumbu wake walikuwa na akili kumshinda. "Neno moja tu, Ami! Hapana! Hata mtoto anayenyonya analijua!"

"Nalijua, Engràcia."

"Sasa lilikukwama wapi?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemweleza mwenzake njia.

"Kama leo naweza kumwambia mrithi hapana," akasema, "basi na siku ile ya Remei ningeweza. Si ndivyo?"

Mimi huwa sikosi jibu. Muulize yeyote bondeni. Safari hii niliuachia tu mkono wake.

"Siku zote nilijua haiwezekani," akasema. "Niache nife nikijua hivyo."

Akavaa kofia, akashuka ngazi kumfuata Gerard, aliyekwisha washa gari kumpeleka kwenye nyumba ya wazee.